Mchezo Ufundishao na Mchezo Udanganyao

Yako mambo mawili ambayo katika nchi yetu ya Ufipa yamewekwa mbalimbali kama maji na moto, nayo ni masomo na mchezo. Mtoto akicheza, twamwambia, "Acha mchezo, kasome." Akisoma vizuri, twamwambia, "Haya, sasa nenda ukacheze." Hivyo twamfundisha, pasipo kukusudia, kwamba kusoma ni adhabu na kucheza ni malipo yake. Sasa wamekuja watu wa kutuambia kwamba mambo hayo mawili yamepatanishwa, tena yametiwa pamoja ndani ya kioo cha simu janja na cha kishikwambi. Wasema kwamba mtoto atacheza, na huku akicheza atajua kusoma na kuhesabu. Neno hili ni jema likiwa la kweli. Walakini yatupasa kulipima kabla ya kulisifu.

Tena kulipima kwetu si kwa ajili ya maongezi tu. Baada ya sensa ya watu ya mwezi wa Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa kwa walimu, na simu janja zimeenea hata kwa wakulima. Chombo kimekwisha kufika mikononi mwetu. Lililobaki ni kujua kitiwe nini ndani yake, na ni nani mwenye kukichagua: mzazi na mwalimu, au mtu tusiyemjua aliye mbali.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna maharage, tulipita katika kijiji kimoja kilicho chini ya milima ya Mbizi, tukamkuta mtoto wa Darasa la Tatu ameketi barazani kwao, ameshika kishikwambi cha mjomba wake aliye mwalimu. Alikuwa akicheza mchezo wa hesabu. Jina la mchezo huo tunaliacha, maana kosa lake ni kosa la mingi. Kioo kiliuliza, "8 na 5 ni ngapi?" Chini yake yakatokea maputo manne, kila puto na tarakimu yake. Mtoto akigusa puto la haki, tarumbeta hulia na nyota huanguka. Akigusa lisilo la haki, hakuna neno. Hugusa jingine, na jingine, hata tarumbeta ilie. Mtoto yule alikuwa hodari ajabu. Kidole chake kilikwenda kama cha mpiga marimba, na nyota zilianguka kama mvua ya masika. Baba yake akatuambia kwa furaha, "Mwalimu, huyu amekwisha kuwa bingwa wa hesabu. Jana peke yake amepata nyota mia mbili."

Tukaomba punje za mahindi. Tukaweka 8 upande mmoja na 5 upande wa pili, tukamwonyesha, kisha tukazifunika kwa kofia. "Mwanangu, zote pamoja ni ngapi?" Akatutazama usoni. "Kumi na moja?" Tukanyamaza. "Kumi na mbili?" Tukanyamaza. "Kumi na tano?" Ndipo tulipofahamu. Mtoto hakuwa akitafuta jumla ya punje. Alikuwa akitafuta nyota katika uso wetu. Hakika alikuwa amejifunza, tena kwa bidii, lakini alilojifunza ni hili: mwenye kugusa kila kitu kwa haraka hushinda. Baba yake alinyamaza, na sisi tukaona haya kwa ajili yake, maana hakuwa na kosa. Aliambiwa kwamba chombo kinafundisha, naye akasadiki.

Walakini jioni ileile tulimwona mtoto yuleyule chini ya mkaratusi, ameinama na babu yake juu ya mashimo waliyoyachimba ardhini, wakicheza bao kwa mbegu. Aliteka mbegu za shimo moja, akasita, midomo ikacheza bila sauti, macho yakafuata mashimo moja moja mpaka upande wa pili. Kisha akazirudisha, akachagua shimo jingine. Babu akacheka. "Umeona, eh?" "Nimeona, babu. Pale ningelala." Mtoto ambaye mchana hakujua 8 na 5 ni ngapi, jioni alihesabu mashimo asiyoyagusa, akajua mbegu yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaiondoa ya kwanza. Wala hapakuwa na tarumbeta wala nyota.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Katika bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, kama katika mabao ya ardhini, kete ya mwisho ndiyo ihukumuyo. Ikiangukia mahali pema utakula na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu utalala, na mwenzako atachukua zamu. Basi asiyehesabu hashindi. Hesabu haikuwekwa mlangoni mwa mchezo kama bawabu wa kupewa chochote ili afungue. Hesabu ndiyo nyumba yenyewe. Hapa ndipo lilipo neno letu lote. Mchezo ufundishao ni ule ambao ndani yake somo ndilo njia ya kushinda. Mchezo udanganyao ni ule ambao ndani yake somo ni ushuru wa njiani, na mtoto kwa akili yake hutafuta namna ya kuukwepa.

Sisi Wakristo hatupaswi kuliona neno hili kuwa geni. Bwana wetu alipofundisha kwa mifano hakusimulia kwanza habari tamu ya mpanzi au ya wavuvi, kisha akaikatiza ili awaulize watu maswali ya sheria, kisha akairudia. Mafundisho yalikuwa ndani ya mbegu na ndani ya wavu. Aliyeifuata habari hata mwisho alikuwa amekwisha kulipokea neno, naye asiyelipokea hakuifahamu habari. Na wazee wetu wa Ufipa waliosimulia hadithi penye moto wakati wa baridi walifanya vivyo hivyo; hawakusema, "Sasa hadithi imekwisha, nisikilizeni niwafundishe."

Labda msomaji atasema kwamba bao si la kioo, na ya kwamba tunayalinganisha mambo yasiyolingana. Basi tuitazame michezo ya kompyuta yenyewe. Katika mwaka 1971, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, kijana mmoja mwanafunzi wa ualimu, Don Rawitsch, alitakiwa kufundisha habari za watu wa karne ya 19 waliohama kwa magari ya kukokotwa na maksai kwenda nchi za magharibi. Aliona kwamba kuwasomea watoto tarehe hakutoshi. Akashirikiana na vijana wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakafanya mchezo wa kompyuta ulioitwa The Oregon Trail. Mchezaji hupewa fedha kidogo, naye hukata shauri mwenyewe: ngapi za maksai, ngapi za chakula, ngapi za nguo, ngapi za risasi. Kisha safari huanza. Je, asimame kuwinda, au aendelee kabla theluji haijafunga milima? Akikosea hesabu ya chakula, watu wake hufa njiani. Akidharau nguo, baridi humpata.

Sasa twaomba msomaji aangalie jambo moja. Mchezo ule wa kwanza haukuwa na picha hata moja. Darasa halikuwa na kioo. Lilikuwa na mashine mfano wa taipureta, iliyoungwa na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu, nayo ilipiga maneno juu ya karatasi. Hata hivyo wanafunzi waliupenda mno, na baadaye ulienea katika shule nyingi za Marekani. Basi utamu wa mchezo hautoki katika rangi wala katika kelele. Watoka katika shauri ambalo mchezaji lazima alikate, na katika matokeo ya shauri hilo ambayo lazima ayavumilie. Mtoto aliyekwisha kufiwa na maksai wake njiani hana haja ya kuambiwa kwamba safari ile ilikuwa ngumu.

Na jambo hili limejaribiwa kwa vipimo. Huko Uingereza, Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth walitangaza katika mwaka 2011 habari za mchezo walioutumia kwa watoto wa miaka 7 hata 11, wa kufundisha kugawanya. Mchezaji hupambana na mifupa itembeayo, na kila mmoja umeandikwa hesabu kifuani. Ili kuuangusha, yampasa achague silaha yenye hesabu inayoigawa ile ya kifuani bila kubaki kitu. Kisha walifanya mchezo wa pili, wenye mifupa ileile na mapigano yaleyale, lakini silaha hazikuwa na hesabu. Maswali ya kugawanya yalitengwa, yakawekwa kati ya hatua na hatua ya mchezo. Watoto waliocheza ule wa kwanza walijifunza zaidi. Na watoto walipoachwa kuchagua wenyewe, waliucheza ule wa kwanza muda uliozidi wa pili mara 7. Picha zilikuwa zilezile, na hesabu zilezile. Tofauti ilikuwa mahali pa hesabu tu: katika mmoja ilikuwa upanga, katika wa pili ilikuwa ushuru.

Na vipi habari za nyota na tarumbeta? Wako wasemao kwamba hata kama zawadi hazifundishi, hazidhuru. Walakini katika mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa habari za watoto wadogo wa shule ya chekechea huko California waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya wiki moja au mbili watoto wote waliachiwa kalamu za rangi, wachore wakitaka. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa nusu hivi ya ule wa wenzao. Kabla ya cheti, kuchora kulikuwa furaha. Baada ya cheti, kukawa kazi ya ujira, na ujira ulipokwisha kazi ikapungua. Sisi walimu tuliozoea kugawa peremende katika mafundisho ya dini yafaa tulitafakari neno hili kwa moyo wa unyenyekevu.

Mpaka hapa tumetoa mifano ya nchi za mbali. Lakini jaribio kubwa la jambo hili limefanyika katika nchi yetu wenyewe, katika mkoa wa Tanga. Katika mwaka 2014 shirika la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano la jumla ya dola milioni 15 kwa watakaofanya programu ya kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, pasipo mwalimu. Makundi matano yalifika mwisho wa shindano, na programu zao zilitiwa katika vishikwambi kwa lugha ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kuanzia mwisho wa 2017 hata mwanzo wa 2019, kwa muda wa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Tanga walivitumia, navyo vilitiwa moto kwa nguvu ya jua. Serikali yetu ilishiriki, pamoja na UNESCO na Shirika la Chakula Duniani.

Habari zilizotolewa mwishoni zasema hivi: kabla ya jaribio, watoto 74 katika kila 100 walisemekana hawajapata kwenda shule kamwe, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Katika mwezi wa Mei 2019 makundi mawili yalitoka sawasawa, kila moja likapata dola milioni 5: Kitkit School, ya kampuni ya Enuma yenye watu wa Marekani na Korea Kusini, na onebillion, ambayo makao yake yako Uingereza.

Washindi hawa wawili wastahili kutazamwa pamoja, maana walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Enuma iliasisiwa na mume na mke, Gunho Lee na Sooinn Lee, waliokuwa wafanyaji wa michezo ya kompyuta kabla ya kufanya masomo. Mtoto wao alizaliwa na ulemavu, nao wakaanza kutafuta namna ya kumfundisha mtoto ambaye njia za kawaida zamchosha. Mtu aliyefanya michezo kwa kazi ajua jambo ambalo sisi walimu hatulijui: kwamba mchezaji akichoka ataondoka, wala hakuna kengele ya kumrudisha. Darasani mtoto akichoka hubaki. Mwili wake u kwenye dawati, na sisi twajidanganya kwamba tunamfundisha. Basi katika Kitkit School mtoto ana michezo mifupi ya namna nyingi, na kando yake maktaba ya vitabu na vyombo vya kuchorea, ili asiwe mfungwa wa njia moja.

Hao wengine, onebillion, walitoka upande wa somo. Kazi yao ni kama ngazi ndefu yenye vipandio vidogo sana. Sauti tulivu yamwongoza mtoto, yeye hufanya jambo moja dogo, kisha jingine lililojengwa juu yake, kila mtoto kwa mwendo wake. Hakuna fahari nyingi. Mtu mzima akiitazama aweza kusema, "Huu si mchezo." Lakini kwa mtoto ambaye hajapata kusoma neno, kufuatisha herufi kwa kidole na kuona kwamba leo aweza asiloliweza jana ni furaha yenyewe. Hapa twajifunza neno la kutusahihisha: "utamu" si lazima uwe kicheko. Mtoto ainamaye kimya juu ya bao hacheki, lakini mwite akale uone kama atakuja.

Hukumu yetu juu ya jaribio la Tanga ni hii. Lilikuwa kazi ya heshima, na matunda yake ni ya kweli. Tena sharti mojawapo lilikuwa kwamba programu zote tano zitolewe bure kwa watu wote, basi mwalimu hana sababu ya kununua kwa fedha mchezo wa maputo hali kuna vilivyopimwa kwa watoto wetu. Lakini tusiyasome matokeo kwa jicho moja. Kama zaidi ya 90 hawakuweza kusoma, na idadi hiyo ikapungua kwa nusu, basi karibu 45 katika kila 100 bado hawakuweza kusoma hata neno moja baada ya miezi 15. Wakati ule hakukuwa na mwalimu kando ya mtoto. Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti. Kishikwambi hakimwoni mtoto anayetazama dirishani. Hakijui kwamba leo hakula, wala kwamba jana alizika ndugu yake. Basi mtu asitumie habari za Tanga kusema kwamba mwalimu hana kazi tena. Na mwalimu naye asiutumie upungufu huo kusema kwamba chombo hakina faida.

Tumesikia pia lawama ya wazee kwamba mtoto aliyezoea mchezo hatavumilia kazi ngumu, na ya kwamba kulima matuta ya ntumba hakukufundishwa kwa mchezo. Lawama hii ina uzito. Ni kweli kwamba yako masomo ambayo hayana njia ila jasho. Lakini na watazame watoto wao wakijenga ng'ombe wa udongo au magari ya mabua: hurudia mara kumi kilichovunjika, pasipo kuamriwa. Mchezo mwema haumwondolei mtoto ugumu, ila wampa sababu ya kuuvumilia. Mchezo wa maputo ndio uondoao ugumu, na kwa hiyo ndio umharibuo.

Baada ya kuwahukumu wengine tuliona haya kukaa bure. Basi tulijaribu kufanya mchezo wetu wenyewe kwa Darasa la Nne, pasipo kioo, kwa punje na vifuniko vya soda. Tulichagua jambo ambalo kila nyumba ya Ufipa yalijua kwa uchungu, yaani lumbesa. Tuseme bei imepatanwa kwamba gunia la debe 6 ni shilingi 60,000. Mnunuzi huja na gunia lake lililoongezwa kichwa, nalo lameza debe 8, naye alipa shilingi 60,000 zilezile. Mkulima aliyechoka hupoteza shilingi 20,000 katika kila gunia, tena hushukuru.

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya, na twalisema wazi ili wengine wasirudie. Tuliwapa watoto soko la mchezo, wauzaji na wanunuzi, lakini baada ya kila mauzo tulitaka wajibu maswali matatu ya kitabu ndipo waendelee. Siku ya pili wakauliza kama waweza kwenda kucheza mpira. Tulikuwa tumefanya lile tulilolilaumu: tumeweka ushuru katikati ya soko.

Tukayatupa maswali. Tukaamuru hivi: mnunuzi huficha vifuniko chini ya kitambaa, kila kifuniko ni debe moja, naye hutaja bei ya gunia zima. Muuzaji huruhusiwa kuona vifuniko kwa kitambo kidogo tu. Akiona amepunjwa, hupiga kelele "Lumbesa!" kabla hawajashikana mikono, naye lazima ataje ni shilingi ngapi alizotaka kuibiwa. Akitaja sawasawa, huchukua fedha yote ya mnunuzi. Akisingizia, hulipa faini. Basi, wasomaji, darasa liligeuka soko la Sumbawanga siku ya mavuno. Mtoto mmoja msichana, ambaye tangu mwanzo wa mwaka hatukusikia sauti yake, alisimama juu ya dawati akapiga kelele, "Lumbesa! Elfu kumi na tano!" Tulihesabu, naye alisema kweli. Hata kengele ilipolia waliomba duru moja zaidi.

Hatusemi kwamba mchezo wetu ni mkamilifu. Wenye sauti kubwa huwameza wapole, na siku nyingine mwalimu wa chumba cha pili alikuja kutulalamikia kwa haki. Lakini umetuonyesha kwamba kazi ya kufanya mchezo ufundishao haianzi kwa fundi wa kompyuta. Yaanza kwa mtu ajuaye somo lake, ajuaye na watoto wake, naye akauliza: katika maisha ya watu hawa, ni wapi ambapo mjuzi hushinda na asiyejua hupata hasara? Hapo ndipo mchezo ulipo. Fundi na aje baadaye, autie katika kioo akitaka.

Basi mzazi au mwalimu akiletewa mchezo wa kufundishia, na aucheze kwanza yeye mwenyewe, kisha aupime hivi. Ajaribu kushinda kwa kugusa ovyo; akishinda, aufute. Ajiulize kama somo likiondolewa mchezo utabaki uleule. Ukibaki, basi somo lilikuwa mgeni mle ndani. Aangalie mtoto anapokosea, kama aona kwa nini amekosea, au aona tu kwamba nyota haikuanguka. Na mwisho amtazame mtoto baada ya kioo kuzimwa, kama lile alilojifunza laonekana mikononi mwake, sokoni, kitabuni na shambani.

Yule mtoto wa chini ya Mbizi tulimwona tena baadaye. Baba yake ameufuta mchezo wa maputo. Twalisifu jambo hilo, lakini zaidi twamsifu kwa lile alilotuambia alipotusindikiza njiani: sasa siku ya kupima mahindi humwita kijana wake kusimama karibu na gunia, ahesabu debe kwa sauti, mnunuzi asikie.